Ardhi Kati ya Pointi na Pointi

Mnamo miaka ya 1770, Charles Hutton, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich karibu na London, alikuwa na karatasi iliyosongamana tarakimu. Kila tarakimu ilikuwa mwinuko wa mahali fulani kwenye Schiehallion, mlima wa meta 1,083 ulioko Scotland. Vipimo havikuwa vyake. Vilichukuliwa na wapima ardhi, Reuben Burrow akiwa miongoni mwao, watu waliopanda na kushuka mlima ule wakiwa na teodolaiti na minyororo. Kazi ya Hutton ilikuwa kuketi na hesabu zao na kujibu swali moja: mlima huu una umbo gani na ukubwa gani?

Swali lenyewe lilitoka kwa Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa Mfalme wa Uingereza. Kiangazi cha mwaka 1774 Maskelyne alipiga kambi kwenye Schiehallion, kwanza upande wa kusini kisha wa kaskazini, akapima kwa nyota ni kiasi gani timazi inavutwa na mlima badala ya kuning'inia wima. Jumla ya mvuto wa pande zote mbili ilifikia karibu sehemu moja ya mia tatu ya digrii moja. Kiasi hicho kidogo kilitosha kukadiria uzito wa dunia nzima, mradi tu umbo la mlima na ujazo wake vijulikane.

Hutton, mtoto wa familia ya machimbo ya makaa ya mawe ya Newcastle, alizitazama tarakimu zile na hakuona mlima. Aliona namba zimetapakaa. Ndipo alipochukua penseli na kuunganisha kwa mstari hafifu pointi zote zenye mwinuko uleule, kisha mwinuko uliofuata, na mwingine. Mistari ilipokamilika, mlima ukajitokeza kwenye karatasi. Akaugawa kwa duara na mistari iliyotoka katikati, akapata mamia ya vipande vidogo, akakadiria mwinuko wa wastani wa kila kipande na kujumlisha. Taarifa yake ya mwaka 1778 ilisema dunia ina uzito wa mara nne na nusu ya maji ya ujazo uleule. Leo tunajua ni mara tano na nusu. Kwa mtu aliyetumia penseli na mlima mmoja, hakuwa mbali.

Mistari ya namna hiyo, ambayo leo tunaiita kontua, haikuwa mipya kabisa. Mholanzi Nicolaas Cruquius alikuwa ameitumia zamani kidogo, karibu mwaka 1730, kuonyesha vina vya mto Merwede. Lakini Hutton aliitumia kukokotoa ujazo wa ardhi, na kwa sababu hiyo namhesabu kuwa babu wa kila mhandisi anayefungua programu ya usanifu leo na kuagiza kompyuta isawazishe kiwanja. Tena alifanya jambo ambalo kila programu ya aina hiyo bado inalifanya: aliamini kwamba kati ya pointi mbili alizopewa, ardhi inakwenda bila kupanda wala kushuka kwa namna ambayo hakuambiwa. Hakuwa na njia ya kujua. Kati ya pointi na pointi palikuwa na majabali, vijito na mabonde madogo ambayo hakuna aliyesimamisha chombo cha kupimia hapo. Historia ya kusawazisha ardhi ndani ya kompyuta ni historia ya pengo hilo, na ya watu waliotafuta njia ya haki ya kulijaza.

Karne ya kumi na tisa iliwakuta wahandisi wa reli na barabara wakiwa na tatizo lilelile kwa sura ya fedha. Njia inapopita mlimani, udongo hukatwa. Inapopita bondeni, kifusi hujazwa. Udongo ukitoka mlimani na kutosha bonde la jirani, mkandarasi anapona. Ukizidi, unatafutiwa pa kutupwa. Ukipungua, unanunuliwa na kusombwa kutoka mbali. Kwa hiyo kabla ya koleo kugusa ardhi, lazima ijulikane ni meta ngapi za ujazo zitakatwa na ngapi zitajazwa.

Njia yao ilikuwa kuchora mikato. Mpima ardhi alitembea kwenye mstari wa njia, na kila baada ya umbali fulani alipima kulia na kushoto, akachora umbo la ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu. Juu ya mchoro huo mhandisi alichora umbo la barabara, na eneo lililobaki kati ya michoro miwili ndilo la kukatwa au kujazwa. Kisha hesabu: kama mkato mmoja una meta za mraba 30 na unaofuata, meta 20 mbele, una 50, wastani ni 40, na ujazo kati yao ni meta za ujazo 800. Mwaka 1854 Mswisi Jakob Amsler alibuni planimeta, kifaa chenye mikono miwili ambacho ukikipitisha kwenye mpaka wa umbo lolote hukupa eneo lake kwa kusoma gurudumu dogo. Kwa miaka mia moja iliyofuata planimeta ilikaa kwenye meza za wahandisi duniani kote.

Njia hiyo ya wastani kwa kawaida huzidisha ujazo kidogo, na wahandisi walilijua hilo. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwingine. Vipimo vyote vilifungwa kwenye mstari mmoja. Ukitaka kuisogeza barabara meta kumi kulia ili kukwepa mwamba, mikato yote haifai tena: mpima anarudi porini, makarani wanarudi mezani, na wiki kadhaa zinapotea. Matokeo yake ni kwamba mstari wa kwanza ulioonekana unafaa mara nyingi ndio uliojengwa. Kuna barabara nyingi duniani ambazo kona zake zilitokana na uchovu wa kukokotoa, wala si umbo la ardhi.

Kilichovunja mtindo huo ni sheria ya barabara ya Marekani. Tarehe 29 Juni 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa maili 41,000, karibu kilomita 66,000. Hakukuwa na makarani wa kutosha nchini kukokotoa udongo wa kilomita hizo kwa planimeta. Katika chuo cha MIT, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, mhandisi kijana aitwaye Charles Miller alikuwa tayari anashirikiana na idara ya ujenzi ya jimbo hilo na ofisi ya barabara ya serikali kuu kutafuta njia nyingine.

Malighafi ya Miller ilikuwa picha za anga. Picha mbili za eneo moja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti angani, huwekwa kwenye mashine maalumu. Jicho la kushoto huona moja, la kulia huona nyingine, na mbele ya mtazamaji ardhi huinuka ikiwa na milima na mabonde yake. Ndani ya mandhari hiyo kuna nukta ndogo ambayo mtazamaji huipandisha na kuishusha kwa mkono mpaka iguse ardhi. Ikigusa, mashine inajua ilipo na mwinuko wake. Kwa muda mrefu watu walitumia kifaa hicho kuchora kontua. Miller akauliza: kwa nini tuchore mistari ambayo mtu mwingine ataipima tena kwa rula? Nukta ikigusa ardhi, namba zake ziandikwe moja kwa moja kwenye kadi za kutobolewa, na kadi ziingie kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa IBM 650, mashine ya mirija ya utupu yenye ngoma ya sumaku iliyozunguka mara 12,500 kwa dakika. Ngoma hiyo ilihifadhi namba 2,000 tu, kila moja ya tarakimu kumi, na ndani ya nafasi hiyo ilibidi maelekezo ya programu na ardhi yenyewe vikae pamoja. Simu ya mkononi ya bei rahisi leo ina nafasi kubwa mara mamilioni. Kwa hiyo kila pointi iliyoingia ililazimika kuwa na sababu ya kuwepo.

Mwaka 1958 Miller na mwenzake LaFlamme walichapisha makala iliyoupa mpango huo jina ambalo limedumu, modeli ya ardhi ya kidijitali. Fasili yao ilikuwa wazi: uso wa ardhi usiokatika unawakilishwa na pointi nyingi zilizochaguliwa, kila moja ikiwa na vipimo vyake vitatu, viwili vya mahali na kimoja cha mwinuko. Ningependa msomaji azingatie kwamba walisema pointi zimechaguliwa. Kuna mtu anayechagua.

Faida ilionekana mara moja. Vipimo sasa vilikuwa vya ukanda mzima wa ardhi, na barabara ingeweza kuchorwa popote ndani ya ukanda huo. Mhandisi aliweza kujaribu mistari mitano au kumi kabla ya kuamua, mashine ikikokotoa kukata na kujaza kwa kila mmoja. Kwa maoni yangu hilo ndilo tendo kubwa la historia hii. Kasi ilikuwa nzuri, lakini zaidi ya kasi, mhandisi alipata ruhusa ya kubadili mawazo. Mtu asiyeweza kubadili mawazo bila kugharimu wiki tatu hulazimika kulitetea kosa lake.

Miller aliendelea. Karibu na mwaka 1960 alitengeneza COGO, lugha ya kompyuta ya kukokotoa jiometri ya viwanja na barabara, ambayo mhandisi aliiandikia amri kwa maneno ya kazi yake badala ya kujifunza msimbo wa mashine. Mwaka 1961 alikabidhiwa uongozi wa idara ya uhandisi ujenzi ya MIT, na idara hiyo ikaendelea na mfumo mkubwa zaidi ulioitwa ICES, chini ya Daniel Roos. COGO imebaki hadi leo ikiwa imefichwa ndani ya programu nyingi za upimaji.

Swali la Hutton, hata hivyo, lilikuwa halijajibiwa. Kompyuta ikipewa pointi, iseme nini kuhusu ardhi iliyo katikati? Jibu rahisi lilikuwa gridi: weka pointi kwa mpangilio wa miraba, umbali sawa kila upande, na kati yake kokotoa wastani. Gridi inapendeza kwa mashine kwa sababu mahali pa kila pointi pajulikana bila kuandikwa. Ila ardhi haijali mpangilio wa mashine. Chukua kilomita moja ya mraba na uweke pointi kila baada ya meta kumi: una pointi zaidi ya 10,000. Sehemu kubwa ya eneo hilo ikiwa tambarare, maelfu ya pointi hizo yanarudia habari ileile. Na penye mtaro wa upana wa meta mbili, pointi moja inaangukia upande huu, nyingine upande ule, na mtaro unatoweka kabisa kwenye kompyuta ingawa ndio unaobeba maji yote ya kitongoji.

Mapema miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, kwenye mlima wa Burnaby magharibi mwa Kanada, mwanajiografia Thomas Peucker, aliyejulikana baadaye kwa jina la Poiker, alianza kuishughulikia hoja hiyo pamoja na vijana kadhaa: Robert Fowler, James Little, David Mark. Fedha zilitoka kwenye ofisi ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani. Walichopendekeza ni kuacha miraba na kutumia pembetatu zisizo sawa. Pointi ziwekwe pale ardhi inapobadilika: kileleni, shimoni, kwenye mgongo wa kilima, chini ya bonde, kwenye njia kati ya vilele viwili. Kila pointi iunganishwe na majirani zake, na uso wote ufunikwe kwa pembetatu, ndogo penye mabonde mengi, kubwa penye uwanda, kama wavu wa mvuvi ambao macho yake yanakazwa au kulegezwa kulingana na samaki anayetafutwa. Kila pembetatu ni bapa, kwa hiyo mteremko wake na uelekeo wake vinakokotolewa kwa hesabu ya sekondari. Makala yao ya mwaka 1978 ilieneza jina la mtandao wa pembetatu zisizo na mpangilio, na jina hilo, kwa kifupi chake cha herufi tatu, TIN, ndilo linalotumika hadi leo kwenye karibu kila programu ya usanifu wa barabara na viwanja.

Lakini pointi mia moja zinaweza kuunganishwa kwa pembetatu kwa namna nyingi mno. Ipi ni sahihi? Jibu lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1934, na mtu ambaye hakuwa akifikiria barabara. Boris Delaunay alikuwa mwanahisabati wa Kisovyeti, mzaliwa wa St Petersburg, aliyeshughulika na jiometri ya mpangilio wa pointi katika anga, kwa heshima ya Georgy Voronoi aliyemtangulia. Kanuni yake inaelezeka kwa mtoto mwenye bikari: chora duara linalopita kwenye ncha tatu za pembetatu, kama kuna pointi nyingine ndani ya duara hilo, pembetatu hiyo si nzuri, vunja uunganishe upya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Charles Lawson na Robin Sibson walionyesha kwamba kanuni hiyo huepuka pembetatu nyembamba zilizorefuka, zile ambazo huunganisha ardhi ya mbali na ya mbali na kusema uongo katikati. Jambo moja katika maisha ya Delaunay hunifurahisha kila ninapolikumbuka: alikuwa pia mpanda milima hodari, na kuna kilele katika milima ya Altai chenye jina lake. Kwa hiyo milima ndani ya kompyuta zetu inaundwa kwa kanuni ya mtu aliyeijua milima kwa miguu yake.

Kanuni ya Delaunay ina upofu mmoja. Inatazama mahali pa pointi kutoka juu tu, mwinuko haiujali. Fikiria mtaro uliopimwa kwa uaminifu: pointi za ukingo wa kulia, za chini, na za ukingo wa kushoto. Kama mpima aliruka mbali kati ya pointi za chini, duara la Delaunay linaweza kuunganisha ukingo na ukingo moja kwa moja, juu ya mtaro. Kwenye skrini bwawa linazaliwa ambalo halipo. Kontua zinapinda mahali pasipostahili, na maji ya programu yanasimama pale ambapo maji ya kweli yanapita. Au tuta la barabara: pembetatu zikivuka kutoka chini ya upande mmoja hadi chini ya upande wa pili, tuta linatobolewa tundu ambalo hakuna mtu aliyelichimba.

Dawa yake ni kuiambia mashine kwamba mistari fulani haivukwi. Ukingo wa mtaro, mgongo wa kilima, ukuta, ukingo wa lami: popote mteremko unapobadilika ghafla, mpima huunganisha pointi zake kwa mstari wa mvunjiko, na pembetatu zinalazimika kufuata mstari huo kama kando ya ubavu wao. Wanahisabati walilipatia tendo hilo msingi wake katika miaka ya 1980, D. T. Lee na A. K. Lin walichapisha kazi yao mwaka 1986. Wahandisi wa Uingereza, kwa upande wao, walikuwa wameshafika huko kwa njia ya kazi. Katikati ya miaka ya 1970, mabaraza ya kaunti tatu, Durham, Northamptonshire na West Sussex, yaliungana kutengeneza mfumo ulioitwa MOSS. Ndani ya MOSS ardhi na barabara vyote viliandikwa kama nyuzi: uzi wa katikati ya barabara, uzi wa ukingo, uzi wa chini ya mtaro, kila uzi ukiwa mfululizo wa pointi zenye vipimo vitatu. Hiyo ni kazi ya ofisi za kaunti, watu waliokuwa na barabara za kutengeneza Jumatatu asubuhi, na ilienea nchi nyingi kwa sababu nyuzi zake zilifuata mambo yaleyale ambayo mpima hufuata anapotembea.

Kuanzia hapo habari inakwenda haraka na kuwa ya kampuni. Huntsville, Alabama, wahandisi waliotoka kwenye mradi wa roketi za Saturn walianzisha mwaka 1969 kampuni iliyokuja kuitwa Intergraph, na humo ikazaliwa programu ya InRoads. California, Autodesk ikatoa AutoCAD mwishoni mwa mwaka 1982 kwa kompyuta ndogo ambazo ofisi ya watu watatu iliweza kununua. Juu ya AutoCAD, kampuni ya New Hampshire iliyoitwa DCA, baadaye Softdesk, ikaongeza zana za wapima na wahandisi. Autodesk ikainunua Softdesk mwaka 1997, na katikati ya miaka ya 2000 ikaja Civil 3D. Ununuzi huo wote wa kampuni hauna utamu mwingi. Chenye utamu ni kile kilichotokea mezani kwa mhandisi.

Hebu tumchukue mhandisi aliyepewa kazi ya kuandaa kiwanja cha shule kwenye ubavu wa kilima. Kwanza anapakia pointi za mpima na mistari ya mvunjiko, na programu inaunda uso wa ardhi ilivyo. Kisha anachora mpaka wa kiwanja kama mstari wenye mwinuko kila kona. Anaamuru: kutoka mpaka huu, tuta lishuke kwa mteremko wa moja kwa mbili, yaani meta mbili za kwenda nje kwa kila meta moja ya kushuka, mpaka likutane na ardhi. Kama ardhi ingekuwa tambarare na kiwanja kimeinuliwa meta tatu, mguu wa tuta ungekuwa meta sita nje ya mpaka. Kwa kuwa ardhi yenyewe inashuka, mguu unakimbia mbali zaidi, na programu inautafuta pembetatu kwa pembetatu. Kwenye kona ya nje mteremko unapanuka na kuzunguka kama sehemu ya pia. Kwenye kona ya ndani miteremko miwili inagongana na kufanya bonde. Upande wa mlimani badala ya kujaza kunakatwa, na mstari wa juu wa mkato unaonyesha hadi wapi miti itang'olewa na pengine uzio wa nani utaguswa.

Halafu nyuso mbili, ya zamani na mpya, zinawekwa moja juu ya nyingine. Pembetatu zake zinakatana, zinazaa vipande vidogo zaidi, na kila kipande kinakuwa mche wenye ujazo unaojulikana. Hii ndiyo kazi ya Hutton na vipande vyake vya mlima, ila sasa inamalizika kabla hujapumua. Kiwanja cha hekta moja kikiinuliwa sentimita kumi, ni meta za ujazo 1,000 za kifusi. Mhandisi anashusha kiwanja kidogo, anatazama, anakishusha tena, mpaka udongo wa kukata ulingane na wa kujaza, akikumbuka kwamba udongo uliochimbwa huvimba na ukishindiliwa hupungua. Katika programu za awali kila badiliko lilimlazimu afute na kuanza upya. Katika Civil 3D na wenzake, uso, miteremko na ujazo vimefungwa pamoja, kimoja kikiguswa vingine vinafuata. Ruhusa aliyoitoa Miller ya kubadili mawazo ikawa ya kila dakika.

Hapa ndipo ninapoona hatari, na ninaisema kwa kuwa wanafunzi wengi wa uhandisi hukutana na skrini kabla ya kukutana na pori. Programu haikatai. Ukiipa pointi hamsini badala ya mia tano, itakupa uso laini wenye rangi nzuri. Pointi moja ikiingia bila mwinuko, ikasomeka sifuri, litachimbwa shimo la mamia ya meta katikati ya uwanda, na huo ni msaada, kwa sababu linaonekana. Kosa baya ni la sentimita arobaini, lile la mtaro uliounganishwa ukingo kwa ukingo. Halionekani mpaka mvua ya kwanza inyeshe juu ya kazi iliyokwisha kulipwa. Pembezoni mwa eneo lililopimwa nako pembetatu ndefu huruka kutoka kona hadi kona na kuongeza ardhi ambayo hakuna aliyeipima. Mhandisi makini huzikata kwa kuchora mpaka.

Uso huo haukai tena mezani. Mwaka 2002 kampuni za Trimble na Caterpillar ziliungana katika ubia wa kuongoza mitambo kwa setilaiti. Leo faili la pembetatu linaingia ndani ya greda au tingatinga; antena inaijulisha mashine ilipo, na bapa la kukatia hupanda na kushuka kufuata uso ulioko kwenye kompyuta. Vigingi vilivyokuwa vikipigwa kila baada ya meta ishirini vinapungua. Dereva aliyekuwa akichonga barabara kwa jicho na uzoefu sasa ana skrini mbele yake. Hii inamaanisha kwamba kosa la pembetatu halisubiri tena fundi mzee alione na kulisahihisha kimyakimya, linachongwa lilivyo.

Upande wa pili wa historia hii umetokea angani, na unaihusu Afrika moja kwa moja. Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliruka kikiwa na mlingoti wa meta 60 na rada mbili, na kwa siku kumi na moja kikapima miinuko ya karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Data yenye pointi kila baada ya meta 30 hivi ilitolewa kwa eneo la Marekani. Sehemu nyingine za dunia zilipewa iliyopunguzwa hadi meta 90. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Septemba 2014 ilitangazwa kwamba data kamili itafunguliwa kwa wote, na Afrika ndiyo iliyotangulia kupewa. Kwa mhandisi anayetafuta ukanda wa kupitisha barabara au bomba kati ya mikoa miwili, hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Kwa kusanifu mtaro haifai kitu: rada ile mara nyingi iligonga vilele vya miti na mapaa ya nyumba, na kati ya pointi zake mbili panaenea kiwanja kizima cha mpira wa kikapu.

Pengo hilo likaanza kujazwa kwa droni. Mwaka 2016 visiwa vya Zanzibar vilianza kupigwa picha kwa droni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa marubani. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulitumia picha za droni kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, na kutoka kwenye picha hizo zikapatikana modeli za miinuko zenye maelezo ambayo setilaiti haikuyafikia. Lakini picha huona juu ya bati na juu ya mti. Haioni chini ya kalvati, wala haijui kina cha mfereji uliofunikwa kwa slabu. Kwa hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kwa miguu mtaani pamoja na wakazi, mfereji kwa mfereji, wakirekodi upana wake, kina chake, umejengwa kwa nini, umezibwa na takataka au unapitisha maji, na wakiwauliza wenyeji mvua ikinyesha maji hufika wapi.